Chumvi ya Ivuna na Somo la Sayansi

Tarehe 16 Desemba, 1938, kimondo kilianguka karibu na Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa. Vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 700 hivi tu, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na kile Kimondo cha Mbozi ambacho wengi wetu tumekwenda kukitazama pale Ndolezi. Hata hivyo wataalamu walipovipima waliona kuwa vimehifadhi elementi kwa uwiano unaokaribiana sana na ule wa jua lenyewe, zikiondolewa zile gesi nyepesi. Kundi zima la vimondo vya aina hiyo likapewa jina la Ivuna. Leo mtafiti wa Japani au wa Uingereza hulitaja jina hilo katika kazi zake kama sisi tunavyotaja jina la soko letu.

Silitaji jambo hili kwa kujivuna. Nalitaja kwa sababu nilikwenda bonde hilo kukagua mazoezi ya kufundisha, na nilirudi chuoni nikiwa na fadhaa. Jina la Ivuna limo katika sayansi ya dunia, lakini je, sayansi imo katika madarasa ya watoto wa bondeni?

Katika shule moja nilimkuta mwanachuo wetu akifundisha mvukizo. Andalio lake la somo lilikuwa safi, mwandiko wake ubaoni ulisomeka hadi nyuma ya darasa, na sauti yake ilitosha. Aliandika maana ya mvukizo, na wanafunzi wakaikariri kwa pamoja mara tatu. Kisha msichana mmoja akanyosha mkono. Alisema, “Mwalimu, bibi yangu hupika chumvi. Maji mengi huenda hewani na kuni huisha upesi. Kwa nini jua lisiyachukue maji kwanza, ndipo bibi awashe moto?” Mwanachuo akajibu kwa upole, “Hilo halimo katika somo la leo, mwanangu. Kaa.”

Nilimpa mwanachuo yule alama nzuri. Fomu yangu ya ukaguzi ilikuwa na nafasi ya sauti, ya ubao, ya zana na ya kutunza wakati. Haikuwa na nafasi ya swali la mwanafunzi. Tulipokuwa njiani kurudi tulipita mizigo ya kuni iliyopangwa kando ya barabara, ndipo nikatambua kwamba somo bora la siku ile lilikuwa la msichana, na kwamba mimi na mwanachuo wangu tulilikalisha chini. Kosa hilo ni langu kwanza, kwani ndiye niliyemfundisha mwanachuo yule kwamba somo zuri ni lile lisilotoka nje ya andalio.

Upikaji wa chumvi wa Ivuna si jambo la jana. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen, walioandika juu ya uchimbaji wao mwaka 1968, walionyesha kuwa watu walikuwa wakitengeneza chumvi mahali hapo tangu karne ya 13 hivi. Kwa njia ya kale, udongo wenye chumvi hutiwa maji, maji hayo huchujwa, kisha huchemshwa chunguni hadi chumvi ibaki. Kazi hii imelisha watu na kuendesha biashara kwa vizazi vingi. Lakini kila chungu hudai kuni, na kila mzigo wa kuni hutoka katika msitu ambao haukui kwa kasi ya moto.

Natutazame basi swali la msichana kwa hesabu, kwani ni hesabu ambayo mwanachuo yeyote anaiweza. Kuigeuza kilo moja ya maji ya nyuzi 25 kuwa mvuke kunahitaji nishati ya kilojuli 2,570 hivi. Kilo moja ya kuni kavu ina kilojuli 16,000 hivi, lakini juu ya mafiga matatu sehemu kubwa ya joto hilo hupotea. Tukadirie kuwa asilimia 15 tu ndiyo inayoingia chunguni, yaani kilojuli 2,400. Kwa kifupi, kila kilo ya maji hula takriban kilo moja ya kuni.

Tuseme sasa maji yaliyochujwa yana chumvi asilimia 5. Ili kupata kilo moja ya chumvi hatuna budi kuondoa kilo 19 za maji, yaani kuchoma kilo 19 au 20 za kuni. Lakini maji hayo yakianikwa kwanza juani katika kidimbwi kifupi hadi yakolee kufikia asilimia 20, jua litakuwa limechukua kilo 15 na kuuachia moto kilo 4 tu. Kuni zitapungua kwa karibu sehemu nne katika tano. Tena kama mafiga yatabadilishwa kwa jiko lililojengwa vizuri, linaloingiza chunguni asilimia 30 ya joto, kilo mbili za kuni zitafanya kazi iliyofanywa na kilo ishirini. Hilo ndilo jibu ambalo msichana yule alinyimwa.

Hata hivyo, hesabu ya karatasi haijawa chumvi bado. Je, jua la bondeni huondoa maji kiasi gani kwa siku? Hapa ndipo darasa linapogeuka kuwa mahali pa utafiti. Beseni mbili, moja ya maji ya kawaida na moja ya maji ya chumvi, zikiwekwa uani pamoja na rula, wanafunzi wataweza kupima kila asubuhi kina kimeshuka milimita ngapi. Kushuka kwa milimita moja katika eneo la mita moja ya mraba ni sawa na kupotea kwa lita moja. Wakiona kuwa maji hushuka milimita 5 kwa siku, watajua kuwa zile kilo 15 zahitaji mita moja ya mraba kwa siku tatu. Lakini watagundua pia jambo ambalo pengine mwalimu mwenyewe hakulitaja: maji ya chumvi hushuka polepole kuliko maji ya kawaida, na kadiri yanavyokolea ndivyo yanavyozidi kuwa mazito kuondoka. Kwa hiyo siku tatu hazitatosha. Watalazimika kuuliza pia kama udongo wa kidimbwi unavuja, na mvua ya ghafla ikinyesha itakuwaje. Maswali haya hayana majibu nyuma ya kitabu.

Ni katika hatua hii, wala si kabla yake, ndipo kompyuta inapokuwa na kazi. Siku hizi vyuo vingi vina kompyuta, na mara nyingi huwafundisha wanachuo kuchapa barua na kupamba maandishi. Matumizi hayo ni madogo mno. Mwanachuo aingize katika jedwali la kompyuta asilimia ya chumvi, kilo za maji, joto linaloingia chunguni na kilo za kuni, aziunganishe kwa kanuni aliyoifikiri mwenyewe, kisha abadilishe tarakimu moja aone nyingine zote zikibadilika. Aingize vipimo vya beseni vya kiangazi kizima, na achore mstari unaoonyesha mwezi upi ni wa jua na upi ni wa kuni. Kompyuta haimfikirii, inarudia fikra zake kwa haraka. Akiandika milimita 50 badala ya 5, mashine itakubali bila kusita. Ni yule tu aliyeinama juu ya beseni kwa rula atakayeshtuka.

Wapo watakaosema kuwa utafiti ni wa vyuo vikuu. Ni kweli kwamba Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012, kina wahandisi na vyombo ambavyo shule ya msingi haina. Lakini mhandisi atabuni jiko au kidimbwi gani bila vipimo vya kila siku vya mahali penyewe? Na nani aliye mahali penyewe kila siku, asubuhi na jioni, kiangazi na masika, isipokuwa mwalimu na wanafunzi wake?

Wengine watasema kuwa mwanafunzi hawezi kumfundisha mtaalamu. Hao wamkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa alipokuwa akitengeneza aiskrimu. Hakuaminiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Wenzake walicheka, Osborne alikwenda kulipima. Mwaka 1969 wawili hao waliandika makala juu ya jambo hilo, na hadi leo wanafizikia wangali wakibishana juu yake. Funzo lake kwetu halimo katika maziwa. Limo katika tofauti kati ya anayecheka na anayekwenda kupima.

Pingamizi iliyo nzito zaidi ni ya mitihani na muda. Mwalimu mwenye darasa la watoto themanini ana haki ya kuuliza atapata wapi nafasi ya beseni na rula. Sidharau swali hilo. Lakini kupima kina cha maji huchukua dakika tano, na data zile zile zitafundisha wastani, asilimia na grafu katika hisabati, eneo na hali ya hewa katika jiografia, na mvukizo katika sayansi. Vipindi vitatu vitakuwa vimelishwa kutoka beseni moja. Tangu mwaka 1967 tumekuwa tukihubiri Elimu ya Kujitegemea, na mara nyingi tumeifasiri kuwa ni jembe la shule. Kujitegemea kwa fikra ni sehemu yake pia.

Napendekeza basi mambo matatu. Kwanza, fomu zetu za ukaguzi ziwe na mstari mmoja wa kuandika swali lililoulizwa na mwanafunzi na jinsi lilivyopokewa. Pili, kila mwanachuo aende mazoezini akiwa na tatizo moja la mahali aendako, liwe la kuni, la maji au la udongo, na arudi na vipimo vya wiki zote alizokaa huko. Tatu, somo la kompyuta vyuoni lianze na vipimo hivyo.

Nami, nikijaliwa kurudi bondeni kiangazi kijacho, nitabeba beseni mbili na rula. Nitamtafuta yule msichana nimwambie kuwa swali lake lilikuwamo katika somo.