Mmefufua Moduli za Zamani, Nyatiti Je?

Ndugu zangu wa studio hapa Nyalenda, leo nina ugomvi nanyi.

Kila mara naulizwa: nitapataje sauti za Roland SC-55 kwenye kompyuta? Na za Korg M1 je? Jamani, kazi hiyo ilishafanywa. M1 ya mwaka 1988 ilibeba rekodi zake zote katika megabaiti 4 tu. Watu wamerekodi moduli za namna hiyo noti kwa noti, wakazifungasha katika faili za SoundFont. Unazicheza kwa FluidSynth, programu ya bure. Yamaha DX7 ya 1983 haikuwa hata na rekodi ndani, ilikuwa inakokotoa sauti. Dexed, nayo ya bure, inafanya hesabu hizo hizo. Sasa mnakesha mkibishania nini?

Mimi ninachouliza ni hiki: mnafufua orodha ya nani?

Mwaka 1991 ulitoka mpango wa General MIDI, sauti 128 ambazo kila mashine ingezipanga kwa namba zile zile. Isome. 105 ni sitar ya India. 107 na 108 ni shamisen na koto za Japani. Afrika? Kuna kalimba, 109, na kengele ya agogo, 114. Nyatiti haimo. Orutu haimo. Mpiga kinanda wa ohangla akitafuta orutu, orodha inampa fidla, 111, ajikaze nayo hivyo hivyo. Kwa hiyo ukiiga SC-55 kwa uaminifu wote, unaiga mpaka pengo lake.

Na kuliziba si kazi ya miujiza. Nyatiti ina nyuzi 8. Rekodi kila uzi kwa nguvu 4 tofauti, kila moja mara 3: rekodi 96. Zikiwa za sekunde 5, chaneli moja, ubora wa CD, zote ni kama megabaiti 42. Kisha rekodi peke yake ile pete ya kidoleni, oduong'o, inapogonga mbao, pamoja na njuga za mguuni. Ila usizivute nyuzi zifuate piano! Acha mwenyewe afunge nyuzi anavyofunga, upime, kisha uandike vipimo vyake ndani ya faili. SoundFont inaruhusu.

Najua atatokea wa kusema: sampuli zitamnyang'anya mpiga nyatiti ugali wake. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini rekodi 96 haziwezi kufika matangani zikamsifu marehemu kwa jina la baba yake. Hatari iko kwingine: kumrekodi mzee kwa soda moja, kisha faili liuzwe dunia nzima. Basi mlipe siku hiyo hiyo, mwandikiane mkataba, jina lake likae ndani ya faili, na likiuzwa apate fungu lake. Asiyeweza hayo asimguse mzee wa watu.

Roland, Korg na Yamaha ni kampuni za Japani. Ni ajabu gani basi koto kupata namba? Aliyekuwa na mashine hakusahau chake. Leo kompyuta mnayo, maikrofoni mnayo, na wapiga nyatiti tunao hapa hapa Kisumu.

Mnamngoja nani?