Kujuana kwa Kazi si Kujuana kwa Mlango wa Nyuma

Katika mazungumzo yetu ya kila siku hapa Kenya, neno "kujuana" limetiwa doa. Kijana akikosa kazi aliyoistahili, husema kwamba walioipata walijuana na wakubwa. Zabuni ikimwangukia mwanakandarasi asiyeweza hata kuchimba msingi, watu hutikisa vichwa na kusema kulikuwa na kujuana. Si ajabu basi kwamba vijana waliohitimu katika usimamizi wa miradi, wakishauriwa wajenge mtandao wa kitaaluma, baadhi yao hucheka kwa uchungu na kuuliza: mtandao gani huo, ikiwa si jina jipya la mlango ule ule wa nyuma ambao sisi hatuna ufunguo wake?

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu. Maoni yangu ni kwamba kuna kujuana kwa namna mbili, na kwamba namna hizo zinatofautiana kwa asili, wala si kwa kiasi tu. Kuna kujuana kwa upendeleo, ambako mtu hutambuliwa kwa alikotoka. Na kuna kujuana kwa kazi, ambako mtu hutambuliwa kwa anachokijua na kwa jinsi alivyowafaa wenzake. Jumuiya za wasimamizi wa miradi zinazokutana katika intaneti ni miongoni mwa mahali pachache ambapo kijana asiye na mjomba mkubwa serikalini anaweza kuipata namna hii ya pili. Hata hivyo, hataipata kwa kukusanya majina. Ataipata kwa kutoa.

Hebu tuitazame kwanza kazi yenyewe. Msimamizi wa mradi ndiye anayehakikisha kwamba kazi yenye mwanzo na mwisho, iwe ni zahanati, kisima, daraja au programu ya tarakilishi, inakamilika kwa wakati, kwa gharama iliyokubaliwa na kwa ubora ulioahidiwa. Husimama katikati ya mhandisi, mkadiriaji majenzi, mwanakandarasi, mhasibu, fundi, mwakilishi wadi na mwananchi anayesubiri maji. Wanaosomea taaluma hii hufundishwa hesabu moja fupi: watu 5 wakifanya kazi pamoja, njia za mawasiliano baina yao ni 10, wakiwa 10, njia huwa 45, wakifika 20, njia huwa 190. Kila anayeongezwa huleta uwezekano mpya wa kutoelewana. Kwa mtu wa isimu kama mimi, hesabu hiyo yaonyesha kwamba kazi hii ni ya maneno kabla haijawa ya saruji.

Tangu serikali za kaunti 47 zianze kazi mwaka 2013, miradi imesambaa hadi sehemu ambazo zamani hazikuona hata kibao cha ujenzi. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini msimamizi aliyepelekwa katika kaunti ya mbali aghalabu hana mkubwa wa taaluma yake wa kumwendea. Hospitalini daktari mchanga humwuliza daktari aliyemtangulia. Mwalimu mpya humwuliza mwalimu mkongwe katika chumba cha walimu. Huyu yuko peke yake. Siku atakayokuta mwanakandarasi ameondoa mitambo kiwanjani kwa sababu malipo yamechelewa, hana wa kumweleza jinsi wengine walivyolitatua jambo hilo. Kwa sababu hiyo, kosa lililokwisha kufanywa katika kaunti moja hurudiwa katika kaunti ya pili na ya tatu, kila mara kwa fedha za umma. Majengo yasiyo na mapaa, ambayo nyasi zimeota vyumbani mwake, hayakusababishwa na wizi pekee. Mengine yamesababishwa na ujuzi uliobaki kichwani mwa mtu mmoja.

Wenye taaluma hii ng'ambo waliliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1969 iliundwa nchini Marekani taasisi ya usimamizi wa miradi, ijulikanayo kwa kifupi kama PMI, ambayo leo ina tawi hapa Kenya pia. Mwaka 1984 ilianza kutoa cheti cha PMP, ambacho mwenye nacho hutakiwa kukusanya alama 60 za kujiendeleza kila baada ya miaka 3. Na sehemu ya alama hizo huweza kupatikana kwa kuwagawia wengine ujuzi. Intaneti ilipoenea, wasimamizi walianza kuulizana huko. Mojawapo ya jumuiya hizo ilijiita gantthead, kwa utani uliotokana na Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyeishi kati ya 1861 na 1919, ambaye michoro yake ya ratiba ingali inabandikwa ukutani katika ofisi za miradi. Baadaye ikaitwa ProjectManagement.com, na mwaka 2014 ikachukuliwa na PMI. Sisi nasi mlango ulianza kutufungukia mwaka 2009, nyaya za baharini za mawasiliano zilipofika Mombasa, hata intaneti ikawa ya kasi zaidi. Chombo hicho si kigeni tena kwetu. Tatizo ni namna tunavyokitumia.

Kwa nini watu tusiowajua vizuri wawe na faida kubwa kiasi hicho? Mwanasosholojia Mark Granovetter alilijibu swali hili mwaka 1973. Aliwahoji watu wenye kazi za kitaaluma, za kiufundi na za umeneja katika mji wa Newton, karibu na Boston, ambao walikuwa wamebadilisha kazi karibuni. Kati ya wale waliopata habari za kazi kupitia mtu wanayemjua, asilimia 16.7 tu ndio waliozipata kwa mtu waliyeonana naye mara kwa mara. Asilimia 55.6 walizipata kwa mtu waliyeonana naye mara chache, na asilimia 27.8 kwa mtu ambaye ni nadra kuonana naye. Sababu yake si ngumu kuielewa. Rafiki yangu wa karibu anakula ninapokula na kusikia ninachosikia. Habari aliyo nayo tayari ninayo. Mtu wa mbali hutembea katika njia nyingine.

Katika taaluma yangu jambo hilo hilo limeonekana kwa mlango mwingine. Mwanaisimu Lesley Milroy alichunguza mitaa mitatu ya wafanyakazi mjini Belfast na kuchapisha kitabu mwaka 1980. Alionyesha kwamba watu ambao jirani zao ndio jamaa zao, na jamaa zao ndio wafanyakazi wenzao, ndio walioshikilia zaidi lafudhi ya mtaa. Mwaka 1985, yeye pamoja na James Milroy, walieleza kwamba matamshi mapya huingia katika jamii kupitia watu wenye uhusiano mwepesi na makundi mbalimbali. Uhusiano mzito hulinda kilichopo. Uhusiano mwepesi huleta kipya. Wahenga wetu walikwisha kulisema hilo kwa maneno manne tu: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa tujitazame wenyewe. Mtandao wa Mkenya wa kawaida ni kijiji chake, shule aliyosomea, kabila lake, na kanisa au msikiti wake. Siudharau mtandao huo. Ndio unaotuchangia karo na matibabu, na ndio unaotuzika. Lakini tunapoutwisha mzigo wa taaluma, hutenda mambo mawili mabaya. Kwanza, hautuletei ujuzi mpya, kwa kuwa wote tunajua yale yale. Pili, hugeuka kuwa ngazi ya upendeleo, kinyume na Katiba ya 2010, ambayo kifungu cha 232 kinataka uajiri katika utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na ustahili, na kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki na wazi. Kijana asiye na mjomba hawezi kuushinda mtandao huo kwa kuutukana. Anaweza kujenga mwingine.

Unajengwaje? Neno "mtandao" lina udugu na "utando", na buibui ndiye mwalimu. Hasubiri kuletewa nyuzi. Huzitoa mwilini mwake mwenyewe. Kadhalika, kuwa na majina 3,000 kwenye LinkedIn si kuwa na mtandao, kama vile kuwa na kitabu cha nambari za simu si kuwa na marafiki. Mtandao huanza pale ambapo mtu mmoja amemfaa mwenzake katika kazi, na wengine wakaona.

Hatua ya kwanza ni kuuliza vizuri. Kuuliza si ujinga, lakini kuna maswali ambayo hayajawa maswali. Kijana huandika: "Wakuu, naomba msaada, mradi wangu umekwama." Atapata pole nyingi na jibu lisilokuwepo. Laiti angeandika hivi: "Tunajenga tangi la zege. Nguzo zimekamilika, malipo ya awamu ya pili yamechelewa kwa siku 70, na mwanakandarasi ameanza kuwaondoa mafundi. Waliopitia hali hii, mlianza kwa kuongeza muda wa mkataba au kwa kugawanya malipo katika awamu ndogo?" Swali la namna hiyo humwonyesha anayeuliza kuwa mtu wa kazi, hata kabla hajajibiwa. Atakayelisoma akiwa Kisumu, Arusha au Kampala atamkumbuka.

Hatua ya pili ni kujibu. Hakuna aliye mchanga mno hata asiwe na la kutoa. Aliyesimamia uchimbaji wa kisima kimoja anajua jambo ambalo aliyesimamia barabara kuu halijui. Hatua ya tatu, ambayo wengi wetu huisahau, ni kurudi na kutoa taarifa: nilifuata ushauri wenu, hili lilifaulu, lile halikufaulu. Mtu anayerudi hivyo hupata sifa isiyonunuliwa kwa cheti, yaani sifa ya kuaminika. Nafasi ya kazi ikitokea, ndiye atakayetajwa. Na atatajwa na mtu ambaye hawakuzaliwa kijiji kimoja wala hajui jina lake la ukoo lina asili gani.

Najua patatolewa pingamizi. Wapo watakaosema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli haiui. Lakini sauti ya mbali yaweza kukwambia nyoka yuko wapi, ili utumie fimbo yako mwenyewe. Wengine watasema huko intanetini kumejaa wajigambao na matapeli wa vyeti. Hilo nalo ni kweli, na dawa yake ni kuwapima watu kwa majibu yao ya muda mrefu, si kwa picha zao. Tena kuna hofu ya mwajiri, na hofu hii isidharauliwe. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inalinda siri za zabuni, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za watu binafsi. Msimamizi mwenye busara hutaja tatizo bila kumtaja mhusika, hueleza njia bila kutoa bei. Tatizo la malipo yaliyochelewa si siri ya mtu. Ni ugonjwa wa wote.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakisemwi sana, nacho ni lugha. Mazungumzo ya taaluma hii huendeshwa kwa Kiingereza, ilhali maagizo kiwanjani hutolewa kwa Kiswahili. Nyapara mwenye uzoefu wa miaka 20, anayejua kwa nini zege la Lamu huharibika kwa chumvi, huachwa nje ya mjadala kwa kukosa lugha ya mjadala. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba. Hakuna sheria inayokataza swali la mkataba au la ratiba kuulizwa kwacho, na mtandao unaowafungia nje wenye ujuzi umejipunguzia nyuzi kwa mkono wake.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa idara za miradi katika kaunti wawaruhusu vijana wao, bali wawahimize, kuuliza na kujibu hadharani mambo yasiyo siri. Vyuo vikuu viwafundishe wanafunzi kuandika swali na taarifa ya mradi ulioshindwa, kama vile tunavyowafundisha kuandika barua ya kuomba kazi. Wakongwe wa taaluma nao wasingoje kualikwa kwenye warsha za hotelini ndipo waseme walichojifunza.

Nawe kijana uliye peke yako katika ofisi ya kaunti, usingoje mjomba. Kuna mtu mahali fulani ambaye usiku wa leo anahangaika na tatizo ulilolitatua mwaka jana. Mjibu. Ukiwajibu watu wa namna hiyo kumi, kwa uangalifu na bila kujisifu, utakuwa umejuana na watu kumi ambao hakuna mwenye haki atakayekulaumu kwa kujuana nao, na huenda katika nchi hii likawepo tangi moja la maji litakalokamilika.