Stima Imeingia, Mkaguzi Je?

Chama cha Kiswahili kimenipa nafasi nitoe maoni yangu, nami safari hii sitaandika juu ya mihadarati wala nidhamu. Nataka tutazame nyaya zilizomo ndani ya kuta za nyumba zetu.

Tangu mradi wa Last Mile uanze mwaka wa 2015 na ada ya kuunganishiwa stima ishushwe kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, nguzo zimepita katikati ya mashamba ya ngano na viazi mpaka milangoni petu. Ni neema, sikatai. Lakini hapa Mau Narok nyumba nyingi ni za mbao, na wengine wamebandika katoni na magazeti ndani ili kuzuia baridi ambayo, jamani, si ya mchezo. Nyumba kama hiyo ikishika moto hakuna cha kuokoa.

Sheria ipo. Fundi lazima awe na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, na kabla mita haijawekwa hutakiwa cheti chenye sahihi yake kwamba nyaya zimepimwa. Kupima ni kuhakikisha kwamba ganda la waya halivujishi umeme, kwamba swichi inakata waya wenye moto wala si ule mwingine, na kwamba waya wa ardhi umefika kweli kwenye fimbo iliyopigiliwa udongoni. Sasa tazama yanayotendeka. Cheti cha nyumba ya mjomba wangu kilitiwa sahihi juu ya meza ya hoteli. Mwenye sahihi hakukanyaga ua. Aliyeipima nyumba ile ni binamu yangu, siku aliposhika pasi kwa mikono yenye maji akatupwa hadi ukutani. Alipona, Mungu ni mwema. Fundi mwingine alipofungua soketi, akakuta tundu la waya wa ardhi ni tupu.

Hata cheti kikiwa cha haki, mimi naona kasoro kubwa zaidi: nyumba hukaguliwa siku moja tu maishani mwake. Mita ikishafungwa, huongezwa chumba cha vijana, kibanda cha kuku, soketi ya televisheni, vyote vikiungwa kwenye waya wa taa kwa kusokota mkono na kufunga karatasi ya nailoni. Hesabu yake ni ya Fizikia tu. Hita ya wati 2,000 kwa volti 240 huvuta ampea 8 na zaidi. Ongeza birika la wati 2,000, zinapita 16. Fyuzi ya taa ni ya ampea 5. Itakatika, na ndiyo kazi yake! Mwenye nyumba hukasirika akaweka msumari. Kuanzia hapo kinachoungua si fyuzi tena, ni waya ulio ndani ya mbao, polepole, watu wamelala.

Matatu hutakiwa kukaguliwa kila mwaka, na hali tunaipanda kwa muda mfupi tu hadi Nakuru. Nyumba tunamolala usiku kucha je? Huko Uingereza, tangu 2020, mwenye nyumba ya kupangisha lazima apimishe nyaya angalau kila baada ya miaka 5. Sisi tuanze na dogo: ukiongeza chumba, cheti kipya. Wapo watakaosema huo ni mzigo kwa maskini, na kwamba kila ukaguzi huzaa kitu kidogo. Hoja hii ya pili inaniuma kwa sababu ina ukweli. Ndiyo maana nataka vipimo vyenyewe viandikwe chetini, namba kwa namba, na nakala ibaki kwa mwenye nyumba. Namba ya uongo fundi mwingine ataipima upya aijue. Sahihi na muhuri havipimiki.

Tukifunga shule, ulizeni nyumbani cheti kiko wapi, nani alikitia sahihi, na kama alipanda darini. Na fundi akija kuongeza soketi bila kifaa cha kupimia mkobani, mpeni chai aende zake.