Deni la Serikali: Tupunguze Wapi Kwanza?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila Baraza la Wawakilishi linapokaa kwa bajeti, suali hurudi: deni la Serikali yetu litalipwaje, na huduma zipi zipunguzwe? Suali hili ni la kila nyumba Unguja na Pemba, kwani linagusa dawa ya mgonjwa na daftari la mtoto.

Visiwa hivi vilitangaza elimu bila malipo mwaka 1964 na matibabu bila malipo mwaka 1965, wakati karafuu ikibeba mzigo. Bei yake ilipoporomoka miaka ya 1980, na Tanzania ikafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, huduma zilidhoofika na wazazi wakaanza kuchangishwa. Mwenye nacho alilipa. Asiye nacho alibaki na mgonjwa wake nyumbani.

Kukopa si haramu, ilimuradi pasiwe na riba. Lakini mkopo wa dola una masharti. Imam Shatibi, mwanachuoni wa Andalusia aliyefariki mwaka 1388, alieleza kuwa mtawala hukopa pale Baytul-Mal inapotarajia pato la kulipia. Kwa kipimo hicho, mkopo wa bandari inayoingiza ushuru si sawa na mkopo wa posho na magari. Hata sukuk, tunazozipendelea kwa kuepuka riba, haziondoi wajibu wa kulipa.

Pili, deni liandikwe na lishuhudiwe, kama inavyotuamrisha Aya ndefu kuliko zote, Al-Baqara 282. Deni la umma shahidi wake ni umma. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu tuisome sisi pia, si Wawakilishi peke yao.

Tatu, kubana kuna utaratibu wake. Kabla ya vita vya Ain Jalut mwaka 1260, watawala wa Misri walipotaka kuwatoza raia, Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salam aliwajibu watoe kwanza dhahabu na mapambo yao wenyewe.

Basi tunawanasihi viongozi wetu: kalamu ya kupunguza ianzie kwenye safari, magari na makongamano, kituo cha afya cha kijijini kiwe cha mwisho kabisa. Nanyi wazazi, muulizeni Mwakilishi wenu kwa adabu: mkopo huu utalipwa kwa pato gani? Kuuliza hivyo ni nasaha, si fitina.

Wallahu aalam.