Nyumba Ipi Hupata Rehani Kubwa?

Si kila nyumba nzuri ya Thika au Ruiru hupata mkopo mkubwa. Mwenye kukopesha hutazama kwanza hati ya ardhi, kwa kuwa rehani huandikwa juu yake. Nyumba ya mawe, hata ya ghorofa mbili, iliyo juu ya kiwanja chenye cheti cha hisa tu, hukataliwa. Fleti yenye hati yake yaweza kukubaliwa.

Mwaka 2020 Kenya Mortgage Refinance Company, yenye kuyapa mabenki fedha za mikopo hiyo, iliweka mpaka wa shilingi milioni 4 kwa Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado. Kwingineko milioni 3. Thika na Ruiru zimo Kiambu. Lakini mwenye cheti cha hisa, ajapokuwa na mshahara mnono wa kiwandani, sharti aifuate hati yake kwanza.