Ukihama Nyumba, Ipashe Kliniki

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na mzazi ana mali gani ipitayo mtoto?

Tuchukue mfano wa mama anayeishi Kangemi. Mwanawe alipozaliwa alipata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Alipofikisha wiki 6 akachanjwa mara ya kwanza dhidi ya dondakoo, pepopunda, kifaduro na maradhi mengineyo. Mara kodi ikapanda, nayo familia ikahamia Kawangware. Mkokoteni ulibeba kitanda na sufuria, lakini kijitabu cha kliniki kikapotea njiani.

Huko Kangemi, katika daftari la chanjo, nafasi za wiki 10 na 14 mbele ya jina la mtoto huyu zimebaki wazi. Muuguzi anapiga simu, kumbe nambari ilibadilishwa zamani. Huko Kawangware nako jina lake halijaandikwa, hivyo hakuna anayejua kwamba yupo. Kifaduro kikiingia mtaani, kitamkuta na kinga nusu.

Daftari lenye habari sahihi lina faida kubwa. Watafiti walifanya majaribio katika vijiji 152 vya Siaya, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2017. Pale ambapo wazazi hawakukumbushwa kwa simu, watoto 82 katika kila 100 walikamilisha chanjo kabla ya kutimiza mwaka. Waliokumbushwa kwa ujumbe wa simu na kupewa shilingi 200 kila walipoleta mtoto kwa wakati walifika 90. Lakini ujumbe utamfikia vipi mzazi ambaye nambari yake haimo daftarini?

Basi mzazi mwenzangu, kabla ya kuhama pitia kliniki yako, useme unakokwenda na uache nambari inayopatikana. Ukifika mtaa mpya, mwandikishe mtoto hata kama siku yake haijafika. Muulizie pia mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo. Mnamo Septemba 2023, pale Uhuru Park, wahudumu wapatao 100,000 wa nchi nzima walizinduliwa rasmi, wakapewa vifaa na simu za kuandikia habari za kila nyumba.

Ikiwa kijitabu kimepotea, rudi kliniki ya kwanza. Tarehe zimo katika daftari lao. Usiogope kwa sababu umechelewa. Mtoto haanzi upya, huendelea pale alipoachia.

Nanyi wanafunzi mlio nyumbani leo, chukueni kijitabu cha mdogo wenu mkihakikishe: kuzaliwa, wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na 18 kwa chanjo ya surua. Mkiona nafasi wazi ambayo siku yake imepita, mwambieni mama au baba leo hii, ili kesho Jumatatu mtoto apelekwe kliniki.