Atarudi Lini Baada ya Kupasuliwa Moyo?



Mama anapotoka bonde la Mbwemkuru, iwe upande wa Nachingwea au wa Ruangwa, kwenda Dar es Salaam kupasuliwa moyo, swali la nyumbani huwa moja: "Atarudi lini?" Watoto wanamngoja, na shamba la ufuta nalo halingoji mtu. Lakini jibu haliwezi kuwa moja kwa wote.

Upasuaji wa kufungua moyo ulianza kufanyika Muhimbili mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 pana Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mambo yakienda vizuri, mgonjwa hukaa siku moja au mbili katika chumba cha wagonjwa mahututi, kisha hupelekwa wodini. Wengi huruhusiwa baada ya wiki moja hivi. Wengine hukaa wiki mbili na zaidi. Kwa nini?

Kwanza ni hali aliyoingia nayo. Uzee, kisukari, figo dhaifu, upungufu wa damu na uvutaji wa sigara huchelewesha kupona. Kadhalika moyo uliochoka kwa sababu mgonjwa alichelewa kufika. Sukari isipotulizwa, kidonda hufunga polepole na huingiwa na vijidudu kwa urahisi. Basi daktari akisema upasuaji usubiri mpaka damu iongezeke au meno mabovu yatibiwe, tusinung'unike.

Pili ni mambo yanayozuka baadaye: moyo kupiga bila mpangilio, damu kuvuja, homa ya mapafu. Hakuna anayeweza kuyatabiri yote.

Tatu ni juhudi za mgonjwa na ndugu zake. Anapofundishwa kuvuta pumzi ndefu, kukohoa huku amekumbatia mto, kuketi na kutembea taratibu, mtieni moyo afanye hivyo hata kama kifua kinauma. Hamu ya chakula ikipungua, mpeni kidogo kidogo mara nyingi: samaki, mayai, maharage, kwa kufuata masharti ya daktari. Msimvute mikono anapoinuka.

Akina mama, kutoka hospitali si kupona. Mfupa wa kifua uliokatwa na kufungwa kwa waya huhitaji kama wiki 6 hadi 12 kuungana. Katika muda huo hatakiwi kubeba ndoo ya maji, kutwanga, kulima wala kubeba mtoto mgongoni. Akikataa kushika mchi, si mvivu. Wifi na mama mkwe walielewe hilo, na baba wa nyumba alisimamie.

Kabla ya kuanza safari ya zaidi ya kilomita 400 kurudi nyumbani, ulizeni: damu itapimwa wapi kwa mwenye mlango wa moyo wa bandia anayemeza warfarini? Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hivyo mke na mume wazungumze na daktari kabla ya kupanga mimba. Homa, kidonda kutoa majimaji, kupumua kwa shida au miguu kuvimba ni dalili za kumrudisha hospitali upesi.

Mioyo mingi huku kwetu iliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, iliyotokana na maumivu ya koo yasiyotibiwa. Mtoto wako akilalamika koo na homa, mpeleke zahanati leo. Huenda ukamwepusha na kisu cha kesho.

Tukutane mwezi ujao.